Hapa Hakuna Kusema Ni Mtandao

Jumatatu, 3 Machi

Bibi ameondoka leo. Bibi ni mashine yangu kubwa ya gemu, ile nyeusi iliyokuwa ikikoroma kama mtu mwenye mafua mpaka wateja wakaipa jina hilo. Stanslaus wa Murangi kaja na pikapu yake ya kubebea dagaa, kaibeba pamoja na ile mashine ndogo, kafunika na turubai maana mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani. Anafungua kibanda cha gemu kule kwao, karibu na mwalo wa wavuvi. Pikapu ilipokata kona hapa kwetu Nyasho, Musoma, nikajikuta napunga mkono. Nani anapungia mashine mkono? Mimi, Dafroza.

Aliyenishawishi ni mdogo wangu Clementi. Yuko Bunda, anatunza stoo ya vifaa vya ujenzi, na kitu chochote kipya lazima akijue yeye kwanza. Kanipigia simu wiki nzima. "Dada, mashine zimepitwa. Siku hizi gemu inachezwa huko huko kwenye kompyuta za kampuni, nje huko, wewe unaletewa picha tu kwa mtandao. Unachomeka kidude kwenye tivii, unalipia mwezi, una gemu hata mia. Mashine ikiungua, imeungua ya kwao."

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Umeme wa hapa unavyorukaruka, kila ukirudi moyo wangu ulikuwa unasimama mpaka niisikie Bibi inakoroma.

Jumanne, 4 Machi

Wateja wamefurahi kupita kiasi. Picha nzuri, gemu mpya, hakuna kungoja. Chrispin, dereva wa bajaji anayeshinda hapa kwangu kuliko kwenye bajaji yake, keshaibatiza: "gemu hewa". Kasema ni kama wale wafanyakazi hewa, jina lipo kwenye mshahara lakini ofisini hayupo mtu. Tumecheka. Jina limeshika.

Baba naye kaja kukaa kwenye kiti chake. Katazama kile kidude nyuma ya tivii, kidogo kama kiberiti, kauliza: "Sasa kipa yuko humu?" Nikamwambia hayumo, yuko mbali. Akasema sawa, kama mtu aliyeambiwa ndugu yake amehamia Dodoma.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Misa asubuhi. Kibanda jioni tu. Mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kidogo habari ya Baba, maana leo nimemtazama sana.

Mwaka jana wakati wa vuli alipata kiharusi akiwa kwake kijijini, Murangi. Mguu ulirudi mapema. Mkono wa kulia ukabaki mzito. Tulimleta kwangu kwa ajili ya hospitali, na daktari wa mazoezi akampa mpira laini wa kufinya kila siku. Baba kakataa. Kasema hajawa mtoto. Siku moja akakaa kibandani akaona vijana wanapigiana penalti, akaomba pedi ya kuchezea. Pedi hakuikataa. Apolinary Magesa alikuwa kipa wa Murangi enzi zake, mpaka leo watu wa kule wanamwita Kipa, na wengine nadhani jina lake la ubatizo hawalijui.

Kwa Bibi alianza kwa kufungwa kila mpira. Ilipofika Februari alishamkamata Chrispin penalti mara mbili, na kibanda kizima kilipiga makofi mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hapo ndipo Baba aliponiambia: "Mama, siku nikimkamata Clementi, narudi kwangu Murangi." Ananiita Mama kwa sababu jina langu la nyumbani ni la mama yake, Nyangi. Clementi ndiye anayepiga penalti kali kuliko shetani. Basi mimi nimeshika hilo moyoni. Baba anataka kurudi kwake na mkono wake, si kubebwa tena kama gunia.

Jumanne, 11 Machi

Ugomvi. Mvua ikinyesha picha inaganda kidogo, halafu inaruka. Sasa kila anayefungwa ana wimbo mmoja: ni mtandao. Kijana kafungwa goli tano, kasema ni mtandao. Mwingine hata mvua haijanyesha, jua linawaka, ni mtandao! Zamani hapa kwangu sheria ilikuwa moja, ukifungwa unaachia pedi, unainuka, mwingine anakaa. Leo hainuki mtu. Wawili wameshikana mashati.

Nimekata boksi la sabuni nikaandika kwa maka peni, herufi kubwa: HAPA HAKUNA KUSEMA NI MTANDAO. UKISEMA, UNAACHIA PEDI. Nimelibandika juu ya tivii, mtu akitaka asitake alisome. Chrispin kaniita Bi Hakimu. Aniite tu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimemsifu Clementi kwa mdomo wangu mwenyewe. Kaingia kwenye gemu kutoka Bunda, kwa simu yake, na Baba yuko hapa, wakacheza pamoja kana kwamba wamekaa benchi moja. Simu yangu niliiweka sauti kubwa katikati.

"Baba, nakupiga kulia!"

"Piga, wewe mtoto. Hapo Bunda mmekula nini?"

"Michembe, Baba."

"Viazi vikavu Ijumaa ya Kwaresima, vizuri."

Wameongea hivyo hivyo, mara mvua ya Bunda, mara bei ya saruji, mara ng'ombe wa shangazi yetu wa Butiama aliyezaa pacha. Zamani Clementi alikuwa akimpigia Baba simu wanamalizana kwa shikamoo na marahaba. Leo wamecheka. Kwa Bibi hilo lisingewezekana, hata kidogo.

Baba kafungwa zote. Kainuka mwenyewe akaniachia pedi, bila neno.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua kutwa. Wateja wachache.

Alhamisi, 20 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi, lakini vijana wamecheza kwenye simu zao, gemu ile ile, walipoishia pale pale. Wamekaa kibandani kwangu gizani kila mtu na simu yake, hakuna anayemtazama mwenzake. Nikawauliza, sasa mimi hapa ni nani? Wakasema wewe ndiye mwenye benchi.

Jumamosi, 22 Machi

Gemu ya kilimo imeondolewa. Dorkas muuza maandazi, anayekuja mchana biashara ikilala, alikuwa na shamba lake humo, na mabanda, na kuku kawapa majina ya mawifi zake wote. Leo kafungua, hakuna. Kampuni imeiondoa, basi, hakuna wa kumuuliza. Dorkas kakaa akaniangalia kama mimi ndiye niliyewachinja kuku wake. Nikamnunulia soda.

Nimefikiri sana hili. Bibi alikuwa mzee lakini alikuwa wangu. Nikichelewa kulipa kitu chochote duniani, asubuhi namkuta pale pale. Hii ni nyumba ya kupanga. Ukirudi kutoka sokoni unaweza kukuta mwenye nyumba kabadilisha kitasa.

Jumatano, 26 Machi

Baba hataki kucheza. Nimempa pedi, kasema, "Mpe Chrispin, mimi nimechoka."

Jumapili, 30 Machi

Ni siku kadhaa sasa. Anakaa kwenye kiti chake lakini kiti kakigeuza kidogo, anatazama barabarani. Clementi akiingia kutoka Bunda, Baba anasema mwambie nimelala. Yuko macho kabisa!

Leo nimekasirika. Nilikuwa nimechoka, mtandao unaganda, Chrispin ananitania. Nikamwambia Baba mbele ya watu: "Baba, acha kudeka. Daktari kasema mkono ufanye kazi." Kachukua fimbo yake kaingia ndani. Ningekuwa mdogo angenichapa, na ningestahili.

Jumamosi, 5 Aprili

Clementi kapiga simu, sauti yake si ile ya siku zote. "Dada, kwani Baba ana nini? Kaniambia nije Pasaka, tukae na wazee wa Murangi, agawe shamba. Anasema mkono umekufa na mguu utafuata."

Nikamwambia mkono haujafa, nimemwona. Nikakata simu nikakaa chini. Nimemwona wapi? Nikaanza kukumbuka. Asubuhi hii kafunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote mpaka cha shingoni. Kikombe cha uji kakishika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto alikuwa anafukuza nzi. Jana kamenya muhogo! Nimekuwa naona mambo haya kila siku naendelea na shughuli zangu. Mkono unapona, na mwenye mkono anagawa shamba.

Nimeogopa. Mtu akishaamua kufa, Baba akishaamua, si wa kumgeuza kwa maneno.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya misa nimepika sato na ugali wa muhogo, nikamsubiri ale ashibe, nikamwuliza. Nikamwita Baba, nikapiga magoti kabisa kama binti wa kijijini, kwa sababu ya lile neno la kudeka.

Alinawa mikono. Kisha kasema, "Mama, mkono wangu unachelewa."

"Unachelewaje, Baba?"

"Nabonyeza, kipa hatoki. Mpira ukishaingia wavuni ndipo anaruka. Mimi nilikuwaga siangalii mguu wa mpigaji, naangalia nyonga. Nyonga naiona mpaka leo! Naona mpira unaenda kulia, kichwa kinasema kulia, nabonyeza kulia, mkono haufikishi. Kwa Bibi ulikuwa unafikisha. Sasa kila wiki unachelewa zaidi. Kiharusi kinarudi, mimi najua. Kimeanzia hapo tena."

Mungu wangu. Kila wiki unachelewa zaidi, ndiyo, kwa sababu kila wiki mvua inaongezeka! Nikaruka. "Baba, sio mkono! Ni mtandao! Mtandao ndio unachelewa, ukibonyeza hapa mpaka ifike huko nje irudi..."

Akaniangalia kwa huruma. Baba ndiye aliyekuwa ananihurumia mimi. Kanyosha kidole, kile cha mkono wa kulia, kuelekea kibandani ambako lile boksi la sabuni limebandikwa juu ya tivii. "Mama, usinidanganye. Wewe mwenyewe umeandika. Anayefungwa ndiye anayesema ni mtandao. Mimi sijawahi kuwa mtu wa namna hiyo."

Anakaa mbele ya lile boksi kila siku, miwani usoni, analisoma. Vijana wa kwenye benchi hawalijali, wao walishazoea, wanabonyeza mapema kabla mpira haujapigwa. Baba peke yake ndiye aliyetii.

Nilimwita Chrispin haraka, nikamwambia bonyeza Baba aone. Chrispin kabonyeza, kipa karuka kachelewa, wazi kabisa. "Umeona, Mzee?" Baba kasema, "Huyo umempanga." Nikasema nalibandua lile boksi sasa hivi. Kasema, "Liache. Ukilitoa vijana watakuwa waongo wote."

Usiniulize kama nimelala.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempigia Stanslaus. Anasema Bibi ni mzima, anakoroma vizuri. Jumamosi atakuja Musoma kushusha dagaa, atarudi na pikapu tupu.

Baba kasema hatoki. "Waliniona nikibebwa. Sirudi kuonyeshwa." Nimemwambia kama anataka kugawa shamba, basi aende kwanza akalione, maana mvua hizi huenda zimekula mpaka. Hapo kauliza pikapu inaondoka saa ngapi. Mkulima ukimtajia mpaka umempata.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumerudi Nyasho. Nimenuka dagaa mpaka kwenye nywele na sijali.

Baba alikaa mbele na Stanslaus, mimi nyuma na magunia matupu. Barabara ni tope tupu, sehemu moja tulishuka mimi na watu wa njiani tukasukuma. Tulipoanza kuuona mwalo wa Murangi, Baba akavaa kofia yake akaishusha mpaka machoni.

Kibanda cha Stanslaus ni cha mabati, kinatazama ziwa. Bibi yuko juu ya meza, kafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya kizamani. Stanslaus kawasha. Ile sauti ya kukoroma! Nikaona Baba kageuza kichwa, kaitambua.

Nikampa pedi. Stanslaus akaweka mpira penalti. Kapiga, na kipa wa Baba karuka kushoto, mpira ukaenda kulia. Goli. Stanslaus kaniangalia kwa hofu, kama mtu aliyevunja sahani ya mgeni. Lakini mimi nilikuwa namwangalia Baba, na Baba alikuwa hatazami goli. Alikuwa anatazama kidole gumba chake.

"Rudia," kasema.

Kapiga tena. Kipa karuka muda ule ule kidole kilipobonyeza, mpira ukapita juu ya mkono wake.

"Rudia."

Ya tatu kaikamata. Kaidaka kabisa, kaikumbatia. Stanslaus kapiga kelele, na kwenye mlango wakajaa watu waliokuwa mwaloni, akina mama wenye ndoo, wavuvi, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, si Kipa huyu? Kipa amerudi?" Baba kasema, "Rudia," na "rudia" tena, kama mtu mwenye kiu aliyepewa maji. Nyingine zilimpita, nyingine kazikamata. Jasho lilikuwa linamtoka. Mimi nililia pale pale, mbele ya wale akina mama, na mmoja wao kanishika bega akaniuliza nani kafariki. Nikamwambia hakuna, hakuna aliyekufa.

Baadaye kaweka pedi chini, kaufungua na kuufunga mkono wake mara kadhaa. "Kumbe," kasema. Basi. Kisha kainuka akasalimia watu, mmoja mmoja, kwa mkono wa kulia.

Tulipita shambani. Mpaka haujaliwa. Baba kaegemea fimbo, kaliangalia shamba lote mpaka kule kwenye mihogo. Nikamwuliza, Baba, sasa hili la kugawa, nimwambie Clementi aje na wazee? Akanigeukia kwa ukali wa zamani, ule nilioumisi. "Kugawa nini? Mimi nimekufa lini?"

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Clementi kauliza kama sasa tuachane na gemu hewa, anirudishie Bibi. Anasikitika sana, maskini, anadhani kamuua Baba kwa kidude. Nimemwambia nitafikiri.

Na nimefikiri. Bibi angemtunzia Baba mkono, ni kweli. Lakini Bibi hana Clementi ndani yake. Zile jioni za michembe na ng'ombe wa Butiama zilikuja kwa kile kidude kidogo kama kiberiti, na Baba alicheka. Tatizo sikuliona kwenye kidude. Nilibandika sheria ukutani kwa hasira, halafu nikaacha kumtazama mtu aliyekaa chini yake.

Nilipomweleza Baba, kasema: "Mimi nitakuwa naenda kwa Bibi kupima mkono. Hapa nitakuwa nacheza na mwanangu." Yaani Stanslaus akija Jumamosi na dagaa, Baba keshapata usafiri. Mwezi Mei anahamia kwake moja kwa moja. Kalitamka kama ratiba ya basi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kibanda kimefungwa. Njia ya Msalaba tumeloa wote.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mvua kubwa tangu mchana, bati linapiga kelele mpaka hatusikilizani. Kibanda kimejaa, sikukuu. Clementi kawekwa zamu ya stoo, hakuja, lakini kaingia kutoka Bunda, simu nimeiweka katikati. Dorkas kaleta maandazi. Baba kavaa shati jeupe la Pasaka, vifungo vyote.

Wakapigiana. Clementi kaweka mpira. Baba kajisogeza mbele kwenye kiti, macho kwenye nyonga za yule mtu wa kwenye tivii. Picha ikaganda kidogo, ikaruka. Goli.

Baba kaishusha pedi mapajani, kautazama mkono wake wa kulia. Nilimwona kama alivyokuwa ile Machi, akiinuka bila neno.

Halafu akapiga paja. "Aka! Ni mtandao huo! Mimi nilishafika!"

Kibanda kizima kikageuka kutazama lile boksi la sabuni. Chrispin kasimama, mkono kanyosha, anacheka mpaka machozi: "Mzee, umesema! Umesema mbele ya mashahidi! Achia pedi!"

"Siachii. Mkono wangu ulifika. Mama, waambie!"

Na kwenye simu Clementi anapiga kelele kutoka Bunda, "Dada, kasemaje? Baba kasemaje? Sijasikia!"

Nikashindwa kumjibu kwa sababu nilikuwa nalia na kucheka pamoja, kitambaa chote mdomoni. Nikamwambia Chrispin akae chini. Nikamwambia Clementi Baba amesema ni mtandao, na kweli ni mtandao, arudie kupiga.